Sahani ya Kombe

Mimi hadithi za kutisha za kuokoteza kwenye simu sizitaki. Mtu yuko kwake Nairobi, Malindi hajawahi kuikanyaga, anakusimulia majini ya Malindi. Hii yangu ni ya nyumbani, hapa hapa Malindi, mtaa wa Barani, na aliyepatwa ni Sumeiya, mtoto wa mama yangu mdogo, niliyelala naye kitanda kimoja mpaka nikaolewa. Asiyeamini na aje. Mlango wa duka lake una kufuli niliyoifunga mimi, na kuna mahali nitampeleka akaone mwenyewe.

Sumeiya alikuwa akiuza vitu vya kale kule mjini. Makasha ya misumari ya shaba, kandili, mabuli ya kahawa, na sahani. Sahani ndizo zilizokuwa roho yake. Wajinga walimwita muuza vyombo vikuukuu, naye aliwaacha waseme. Lakini mletee sahani uone. Maua yake hayatazami. Kwanza anaigeuza, anakikagua kitako, anatafuta alama ya walioitengeneza. Ikiwa chini ya alama pameandikwa jina la nchi, hiyo si kongwe ya kutambia, ni ya zama za meli za moshi. Ikiwa alama imekaa sawasawa, imepigwa muhuri. Ikiwa kuna mahali wino umejaa na mahali umekonda, imechorwa kwa mkono, na hapo Sumeiya huvuta kiti akakaa. Halafu ndipo anaielekeza dirishani na kuutazama uso wake kwa mshazari, kwa sababu sahani iliyoliwa chakula, hata ioshwe vipi, ina mikwaruzo ya vijiko. Alinifundisha na mimi, nikaharibikiwa. Siku hizi nikialikwa harusini nashindwa kula kabla sijachungulia chini ya sahani ya watu.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Asubuhi, jua la kawaida, nimempelekea mahamri na mbaazi dukani kwa sababu nilijua hajatia kitu tumboni. Mara akaingia Mwaro, bwana mmoja wa Sabaki ambaye akilima shamba lake akakuta kitu cha zamani humletea Sumeiya. Alikuwa na sahani aliyoifunga kwenye shuka. Kubwa kiasi, nyeupe tupu, haina ua wala mstari, na mgongo wake wote umeganda chokaa. Sumeiya akamuuliza ameitoa wapi. Mwaro akasema ukutani, kwenye nyumba ya mawe iliyoanguka huko shambani. Hakuna aliyeshtuka. Nyumba za wazee wetu zilikuwa zikipachikwa sahani ukutani kwa urembo, na fundi alizishika kwa chokaa.

Sumeiya akachovya pamba kwenye siki, akasugua kitako taratibu mpaka chokaa ikalainika ikatoka. Chini yake pakatokea ndege. Ndege mdogo wa buluu, amesimama kwa mguu mmoja, wa pili ameuinua. Alichorwa kwa mkono, na mkia wake umeteleza kidogo, utadhani mchoraji aliguswa kiwiko. Hakuna jina la nchi, hakuna herufi. Sumeiya akampiga picha kwa simu, akasema sahani hii imewatangulia nyanya wa nyanya zetu. Kisha akaielekeza dirishani, akanionyesha: hata mkwaruzo mmoja wa kijiko haupo. Haijaliwa kitu tangu itengenezwe. Ila nusu ya uso wake mng'aro ulikuwa umekufa, umekauka, na nusu ya pili inametameta.

"Hii ilikaa karibu na dirisha," akasema. "Jua limeila upande mmoja."

Siku nyingine Sumeiya asingesema hivyo. Siku nyingine angejiuliza ni dirisha gani hilo linaloingiza mvua na chumvi ya bahari mpaka sahani ikaliwa namna ile. Lakini macho tu ndiyo yaliyokuwa dukani. Roho ilikuwa nyumbani, kwa Harusi.

Harusi ni mtoto wake, wa pekee. Abdulhalim, baba yake, alifariki mtoto bado yuko mgongoni. Mtoto mcheshi, mdomo hauna kituo. Mimi akiniita mama mkubwa na kunisuta mbele za watu kwamba mahamri yangu yanakunywa mafuta. Mvua kubwa zilipoanza, homa ikamshika ikakataa kumwachia. Tulikwenda hospitali ya hapa, tukaenda na ya Kilifi. Damu ikapimwa, kifua kikapigwa picha, hawakuona kitu. Walitupa dawa na maneno mazuri, na mtoto akawa anakwisha tunamwona. Mikono ikawa vijiti. Maji akipewa, yanarudi. Sumeiya akawa hana tena haya: nilimkuta kwenye sakafu ya wodi amemshika daktari mguu, buibui limeanguka, analia kama mtu aliyefiwa. Neno lake likawa moja, asubuhi na jioni, Mola amchukue yeye amwache mtoto. Nilimkataza. Maneno mengine hayasemwi.

Alasiri ya siku ile ile ya sahani nikamwita Mwalimu Yasin, anayesomesha chuo cha Kurani mtaani kwetu, aje amwandikie mtoto kombe. Kwetu hili si geni. Aya zinaandikwa kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa anayanywa. Lakini Mwalimu Yasin ana masharti yake: sahani iwe ya kauri, iwe nyeupe, na iwe haijaliwa kitu. Jikoni kwa Sumeiya ni plastiki tupu, na ile ya kauri moja ina mawaridi na imekula biriani ya arusi yake. Nikasema nikimbie dukani. Hakunisikia. Alikuwa ameshafungua mkoba, ameitoa sahani ya Mwaro, aliyokuja nayo nyumbani aimalizie kuisafisha.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mtu mwingine yeyote angekuwa anabahatisha kama sahani imeliwa au haijaliwa. Sumeiya alijua kwa yakini, kwa kazi yake mwenyewe, kwamba hii haijaguswa na kijiko. Aliikabidhi kwa mikono miwili.

Mwalimu akaandika. Zafarani ikashika vizuri, haikuteleza. Alipomimina marashi ili aoshe, akasita. Akanusa.

"Yanuka chokaa mbichi," akasema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, nakuomba," akasema Sumeiya.

Mtoto alikuwa akihema juu juu. Mwalimu akamtazama, akanitazama mimi, akampa. Harusi akayanywa yote, na hayakurudi.

Alfajiri homa haikuwepo. Nilikuta mtoto ameketi kitandani, mgongo wima, macho makavu. Tulilia, tukasali, Sumeiya akambusu mpaka nikamwambia amwache apumue. Tulisema amepoa. Nilipomshika shavu nilihisi baridi ya chombo kilichooshwa sasa hivi, nikajiambia ni jasho limekauka. Furaha ina upofu wake, jamani.

Ila hakusema neno. Mtoto yule, kimya. Siku iliyofuata akashuka kitandani akaanza kutembea, lakini kwa ncha za vidole, visigino havigusi chini. Tukasema ni udhaifu wa ugonjwa. Kisha akaanza kutoka uani na kwenda kwenye ukuta unaopigwa na jua. Anaubandika mgongo ukutani, mikono chini, anatazama mbele. Asubuhi mpaka adhuhuri. Jua la Malindi mnalijua. Hatoki jasho. Ukimwondoa anarudi pale pale. Nilimwona nzi akitua juu ya jicho lake, akatembea juu ya mboni, akaruka zake. Harusi hakupepesa.

Nikamletea uji, nikamlisha mwenyewe. Kijiko kikagusa meno yake. Kikalia.

Sumeiya alikuwa akifua nguo. Akainua kichwa. Mlio ule aliujua kuliko mimi, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akiigonga kauri dukani, kusikiliza kama ina ufa. Alisuuza nguo moja mara nyingi, akaitazama, akaisuuza tena.

Siku zile zile nikaona shavu la kushoto la mtoto limechujuka. Hakukuwa na upele, hakukuwa na kidonda. Limekauka tu, limekosa nuru, na la kulia linang'aa. Nilimtazama Sumeiya. Alikuwa ameshaliona zamani.

Ijumaa, watu wakiwa msikitini, akawa anamwogesha uani. Akaniita kwa kunong'ona. Nikaenda. Amekiinua kisigino cha mtoto, cha mguu wa kulia.

Chini yake kuna ndege.

Wa buluu. Mguu mmoja ameuinua. Sumeiya akanipa simu, akanifungulia ile picha. Mimi sina elimu yake, lakini macho ninayo. Hakuwa ndege wa namna moja na yule. Alikuwa yeye mwenyewe, na mkia wake umeteleza pale pale. Nikasugua kwa kidole gumba. Hakutoka. Sumeiya akakimbilia ndani akaileta sahani, akaigeuza.

Kitako kilikuwa cheupe. Hakuna kitu.

Akakaa chini, kwenye maji ya kuogea. Akamshika mtoto wake kidevu, akaugeuzia uso wake kwenye mwanga, kwa mshazari, kama anavyofanya kazini. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Dada," akaninong'oneza, "huyu ni wa zamani sana."

Tukamfuata Mwaro Sabaki kwa tuktuk, mtoto nimempakata. Alikuwa baridi mpaka mapaja yangu yakafa ganzi. Mwaro alipouona uso wa mtoto hakungoja kuulizwa. Akakaa kwenye jiwe, akasema nyumba haikuwepo. Lilikuwa kaburi. Kaburi la mawe la zamani, pembeni mwa shamba lake, fupi, la mtoto. Sahani ilikuwa imepachikwa kwenye ukuta wa kichwani, nusu imekingwa na nguzo, nusu iko wazi kwa jua na mvua. Akaapa alidhani ni urembo tu, na wenyewe wa kaburi hawajulikani tena. Leo sina ugomvi naye. Siku ile ningemng'ata.

Akatupeleka. Ukuta ulikuwa mfupi, haunifiki kifuani, na katikati yake kuna shimo la duara. Mwaro akakoroga chokaa, akaijaza, akaigandamiza sahani, akaishikilia kwa viganja. Akaachia. Ikaanguka mchangani, haina hata ufa. Akaongeza chokaa. Ikaanguka. Sumeiya akamsukuma kando, akapaka yeye kwa mikono yake, huku akiomba radhi kwa sauti, mwanangu nisamehe, mwanangu nisamehe, sijui akimwambia mtoto gani. Ikaanguka.

Ndipo Harusi akateleza kutoka mikononi mwangu. Akaenda kwa ncha za vidole mpaka ukutani. Akageuka. Akaubandika mgongo.

Kisogo chake kikaingia kwenye lile shimo. Kikatosha.

"Mama," akanong'ona. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu anywe. "Hiyo haina kitu ndani."

Akakiinua kisigino, atuonyeshe.

Sumeiya akamnyakua. Sikumbuki tulivyofika barabarani. Nakumbuka sahani ilikuwa chini ya kwapa lake, na mtoto hakulia wala hakupigana. Alikuwa akitazama nyuma tu.

Mwalimu Yasin alipoambiwa, alilia, mtu mzima yule. Akasema yeye hajui dawa ya hilo, atasoma, na sisi tuombe. Alisoma siku nzima, sauti ikamkauka. Asubuhi iliyofuata tukaona ufa. Ulianzia nyuma ya sikio la mtoto ukashuka shingoni, mwembamba kama unywele. Hautoki damu. Tulipomlaza ukasogea.

Mimi nilitaka tumfunge kwa khanga asitikisike. Sumeiya alijua zaidi yangu ufa wa namna ile unakwenda wapi. Alimwuliza Mwalimu swali moja tu: alichoandikiwa mtu, kikioshwa akanywa mwingine, kinakwenda kwa nani?

Mwalimu akainamisha kichwa. "Usifanye," akasema.

Nadhani hilo ndilo jibu alilokuwa akilitafuta.

Alasiri akatandika mkeka uani. Akaweka sahani. Akamkalisha mtoto, akakishika kisigino juu ya sahani, akamimina marashi. Akasugua kwa kidole gumba. Ndege aliyenishinda mimi, kwake akalainika kama zafarani. Mguu ulioinuliwa ukatoka kwanza. Kisha mwili. Mkia ukabaki nyuma kidogo, nao ukatoka. Maji yakawa buluu.

Nikamkamata mkono.

"Niache, dada," akasema taratibu. "Vyote nilivyoshika maisha yangu vilikuwa vya watu. Huyu ndiye wangu."

Nilikishika kiganja chake mpaka nikaona kisigino cha mtoto, kimekuwa cheupe na kisafi, na kidole kimoja cha mguu kikicheza. Mkono wangu ukalegea wenyewe. Akainua sahani, akanywa, hakubakisha.

Harusi akapiga kelele. Kelele za mtoto, jamani, kelele za mtoto! Akalia njaa, akalia shingo inamuuma, akalia kwa nini ameloweshwa. Nikamkumbatia: moto, jasho, makamasi. Nyuma ya sikio palikuwa na mkwaruzo tu, unaotoka damu nyekundu, na mimi nikaibusu damu ile. Sumeiya alimnusa kichwa, akamlisha mkate kwa mkono wake, akacheka mpaka akalia. Nikamletea gilasi ya maji asukutue mdomo.

Gilasi ikagusa meno yake. Ikalia.

Tukatazamana. Akaweka kidole mdomoni, mtoto asisikie. Alipoinuka kwenda ndani, alitembea kwa ncha za vidole.

Usiku ule Harusi alilala kwangu, kwa sababu mama yake aliniomba. Aliniambia mtoto akiamka apewe uji mzito, na asiachwe asimame juani. Hakuaga zaidi ya hapo. Kulipokucha nyumba ilikuwa wazi, sahani haipo, mfuko wa chokaa uliokuwa uani haupo. Nilijua pa kwenda. Nilifika Sabaki jua limeanza kupanda, Mwaro ameshanitangulia, amesimama mbali, hataki kusogea.

Sahani ilikuwa ukutani. Imekaa imara, chokaa imepigwa vizuri kuizunguka, bado mbichi. Ilikuwa na alama za vidole vya mtu aliyeigandamiza, lakini vidole vyenyewe vilielekea nje, kana kwamba aliivuta kutoka upande wa ndani. Chini yake champali, ndara za Sumeiya, zimepangwa pamoja. Nyayo za kuja zilikuwepo mchangani, za mtu aliyekuja amezivua, vidole vitupu, visigino hakuna. Za kurudi sikuziona.

Watu walitafuta mtoni, kwa kuwa mto Sabaki una mamba, na ndivyo ilivyoandikwa, kwamba mto umemchukua. Mimi sibishani na mtu. Kuna mnunuzi mmoja wa vitu vya kale aliyesikia habari akamwuliza Mwaro kama sahani ile inaweza kubanduliwa, atazame mgongo wake una alama gani. Mwaro alimfukuza kwa panga, na nikampikia Mwaro biriani kwa kazi hiyo.

Harusi yuko kwangu. Anakula, anakua, mdomo umerudi, mahamri yangu bado yana mafuta. Akimuulizia mama yake, namwambia yuko mahali anamwona. Mwezi uliopita alining'ang'ania, nikampeleka. Tulikwenda asubuhi, tukasoma fatiha. Nilimwambia asiguse kitu. Hakugusa. Alisimama mbele ya ukuta mikono nyuma, akaitazama sahani kwa muda, kisha akanivuta mtandio.

"Mama mkubwa," akanong'ona, "mama amechoka kusimama."

Nikatazama. Uso wa sahani ulikuwa umeingia ukungu, mahali padogo tu, mbele ya kinywa cha mtoto. Nikadhani ni pumzi yake. Nikamrudisha nyuma, tukangoja, na ukungu ukawa bado unakuja na kuondoka.

Nikaupangusa kwa ncha ya mtandio. Haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani.